Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: mnatibu utumbo, kichwa hakiulizwi

Kwa: Mganga Mfawidhi, hospitali yetu ya rufaa
Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Muuguzi Mkuu, Mkuu wa Kliniki ya Tumbo na Ini

YAH: MADHARA YA UGONJWA SUGU WA UTUMBO KWENYE UBONGO NA NEVA ZA WAGONJWA WENU

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Shikamoo, na pole kwa majukumu.

Jina la hospitali nimeliacha makusudi, na la mdogo wangu pia. Wewe unajua ninayemsema. Masjala yako ina barua yangu yenye muhuri wa kupokelewa, na ofisa wa dawati la malalamiko amenisikiliza kwa upole mkubwa, akaandika, akafunga daftari. Kuhusu sanduku la maoni pale mapokezi sina la kusema. Kufuli lake limeota kutu. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza, na kwa sababu kwenye benchi la kliniki ya Alhamisi nimekaa na watu wengine wenye ugonjwa huuhuu, nao wanalalamikia jambo ambalo kwenye mafaili yenu halimo: vichwa vyao.

Kwa watakaoisoma barua hii bila kuujua ugonjwa wenyewe, nieleze kidogo. Yapo magonjwa mawili makubwa yanayofanya utumbo uvimbe, uchubuke na kutoa damu kwa miaka, bila mdudu wa kulaumiwa. Kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoushambulia. Wa kwanza unaitwa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Wa pili ni kolaitisi ya vidonda, unaokaa kwenye utumbo mpana. Makadirio ya dunia ya mwaka 2017 yaliwahesabu watu wapatao milioni 6.8 wenye magonjwa haya. Hayaponi. Hutulizwa, yakaamka, yakatulizwa tena.

Mdogo wangu ni fundi umeme na ana Crohn. Kabla ya jina hilo kupatikana aliitwa mgonjwa wa amiba, akaitwa wa taifodi, akaitwa wa vidonda vya tumbo, kisha akatibiwa TB ya tumbo kwa miezi sita. Juu ya TB sina ugomvi na mtu. TB ya utumbo na Crohn hukaa mahali pamoja na hufanana hata mbele ya macho ya bingwa, na kumpa mgonjwa wa TB dawa za kushusha kinga kunaweza kumwua. Mlifanya la busara. Kolonoskopi, yaani kuutazama utumbo mpana kwa kamera, ilipofanyika na majibu ya kinyama kilichochukuliwa kupimwa kurudi, mlifanya pia upasuaji ambao bila huo tungekuwa tumemzika. Hayo nimeyasema mapema ili mtu asije kuniambia sina shukrani.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Utumbo na ubongo mmevitenganisha kwenye ratiba, mwilini havijatengana.

Ukuta wa utumbo una neva zake wenyewe, mamia ya mamilioni ya seli. Kati yake na ubongo kuna neva ndefu iitwayo vagasi, na karibu nyuzi nane katika kila kumi za neva hiyo zinapeleka habari juu, si amri chini. Tena utumbo ukiwaka, chembe za kinga humwaga kwenye damu kemikali ziitwazo saitokini. Ndizo zilezile zinazomfanya mwenye malaria ajikunyate kitandani, asitake chakula wala mazungumzo. Mwenye malaria huinuka baada ya siku chache. Mgonjwa wa Crohn anaweza kuishi nazo miezi mfululizo, halafu anaulizwa mbona amenuna.

Mwaka 2021 watafiti wa Milano, Italia, walionyesha kwa panya kwamba utumbo unapovimba, kizuizi kimoja cha mishipa ya damu ndani ya ubongo, mahali panapotengenezwa maji ya ubongo, hujifunga. Na panya ambao kizuizi hicho kilifungwa walionyesha woga na kumbukumbu zao zikapungua. Panya si mtu, hilo nalijua. Lakini miaka yote tuliyohudhuria kliniki yenu hakuna aliyewahi kutuambia hata sentensi moja kwamba ugonjwa huu unaweza kupanda kichwani. Niliyoyaandika hapa nimeyatafuta mwenyewe, usiku, nikiwa na simu na kamusi.

2. Ganzi.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pangeokolewa kwa gharama ndogo.

Mdogo wangu alianza kusema nyayo zinamwaka moto usiku na ncha za vidole hazisikii. Fundi umeme asiyesikia ncha za vidole hawezi kujua kama skrubu imekaza. Kliniki wakamwambia ni baridi. Safari nyingine wakamwambia ni kukaa sana, wakamwandikia dawa ya kuchua.

Hebu tazama faili lake, Daktari, uhesabu watuhumiwa. Wa kwanza ni metronidazoli, hii ambayo sote tunaiita Flagyl. Kwa sababu ya amiba isiyoisha aliimeza kozi juu ya kozi, nyingine kwa cheti cha hapo kwenu, nyingine kwa maelekezo ya duka la dawa. Dawa hiyo ikitumika kwa muda mrefu huumiza neva za miguu na mikono, na mara chache huumiza ubongo wa nyuma mpaka mtu akayumba na ulimi ukawa mzito. Uchambuzi wa tafiti umeonyesha kwamba hatari ya ganzi hupanda jumla ikishapita gramu 42, ambazo ni gramu moja na nusu kwa siku kwa wiki nne. Nani alijumlisha?

Wa pili ni isoniazidi, iliyomo kwenye dawa za TB. Huimaliza vitamini B6 mwilini, ndiyo maana mgonjwa aliyedhoofika hupewa piridoksini, yaani B6 yenyewe, pamoja nayo. Kwenye kadi yake ya TB piridoksini haimo. Inawezekana alipewa isiandikwe. Mimi naisema kadi ilivyo.

Wa tatu ndiye mkubwa. Vitamini B12 hufyonzwa kwenye mwisho wa utumbo mwembamba, palepale Crohn inapopapenda, na palepale wapasuaji wenu walipokata. Mtu akikatwa zaidi ya sentimita 20 za sehemu hiyo, uwezekano wa kukosa B12 ni mkubwa na humfuata maisha yake yote, hata akila maini kila siku. Ini hutunza akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo madhara huja wakati kovu limeshapona na daktari aliyekata ameshahamishwa. Huanza na ganzi. Hufuata kuyumba gizani, kusahau, hasira zisizo na sababu, huzuni. Na mwisho uti wa mgongo huharibika kiasi cha kutorudi. Kinga yake ni sindano ya haidroksokobalamini, miligramu moja, kila baada ya miezi miwili au mitatu ukishamaliza dozi za mwanzo. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Yeye alipewa vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma na foliki. Damu ikapanda, tukapongezwa. Lakini foliki ikipewa mtu mwenye upungufu wa B12 bila B12 yenyewe, inaweza kuirekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika. Na anayekosa chuma na B12 kwa pamoja anaweza kuonekana wa kawaida kwenye karatasi ya maabara, kwa kuwa upungufu mmoja huzifanya chembe nyekundu kuwa kubwa na mwingine huzifanya ndogo, wastani ukatoka mzuri. Karatasi ilisema yuko sawa wakati anajikwaa kwenye kizingiti cha chumba chake mwenyewe.

Aliyemchoma sindano ya kwanza ni tabibu kijana wa zahanati ya mtaani kwetu. Alimuuliza swali moja tu: "Walikukata wapi?" Sasa miguu imepata nafuu. Vidole bado.

3. Prednisoloni, na yaliyotokea wodini.

Ugonjwa ulipoamka tena akalazwa. Alianza na sindano za haidrokotisoni, kisha prednisoloni, vidonge kumi na viwili vya miligramu 5 kila asubuhi. Zote mbili ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kushusha kinga. Sisemi dawa ilikuwa mbaya, ilimkatisha damu. Lakini dawa za kundi hili zinagusa ubongo, na hiyo si habari mpya. Utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 1972 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa waliopewa miligramu 40 au pungufu kwa siku, asilimia 1.3 walivurugikiwa na akili. Kati ya 41 na 80, asilimia 4.6; zaidi ya 80, asilimia 18.4. Zaidi ya miaka hamsini imepita.

Hatukuambiwa. Alipoacha kulala tulidhani ni furaha ya kupata nafuu. Akawa anaongea haraka, anacheka, anapanga kufungua kampuni. Kisha usiku mmoja akasema nyaya za kwenye dari zina moto na wodi itaungua, akashuka kitandani kwenda kutafuta swichi kubwa. Walinzi wakaitwa. Akafungwa mikono kitandani kwa shuka, mbele ya wagonjwa wenzake, na sauti ya mtumishi ikasikika ikisema, "Huyu ni wa Mirembe," yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akamweleza mama yetu kwamba hayo ni mapepo, na hakuna mtumishi hata mmoja aliyemwambia mama vinginevyo. Mama alitoka pale akiamini mwanawe kachezewa. Akauza mbuzi.

Simlaumu muuguzi wa zamu. Alikuwa peke yake na wodi nzima, na mtu mwenye nguvu anatembea usiku akitafuta umeme. Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyeandika popote kwamba mgonjwa wa miligramu 60 achunguzwe usingizi, wala aliyeliangalia karatasi la dawa asubuhi yake na kuuliza kama sababu imo mlemle. Dozi iliposhushwa akatulia mwenyewe, ndani ya muda mfupi. Akawa anaona aibu kuwatazama wenzake.

Halafu kwenye jalada la faili, kwa kalamu nyekundu, kuliandikwa MGONJWA WA AKILI. Maandishi hayo yapo mpaka leo. Kila akifika mapokezi anayesoma ni karani, halafu muuguzi, halafu daktari mgeni. Akisema tumbo linauma wanatazama jalada kwanza. Mara moja aliambiwa waziwazi, "Hayo ya kichwa chako hayo." Kumbe siku hiyo utumbo ulikuwa umeziba. Hilo la kuziba sitalieleza zaidi kwa sababu barua ya masjala inalo lote.

Alipotoka wodini alipewa mfuko wa vidonge na neno "punguza taratibu". Taratibu kwa kiasi gani? Wengine hupunguziwa kidonge kimoja kila wiki, na kuna sababu: tezi zilizozoea dawa hii hulala, na ukiikata ghafla mtu anaweza kuanguka na kufa. Dirisha la dawa lilipoishiwa, tuliambiwa turudi Jumatatu.

4. Uchovu na kusahau mnavihesabu kama uvivu.

Swali la kliniki ni moja: unakwenda choo mara ngapi kwa siku? Akijibu mara mbili, anaandikwa amepata nafuu, anapewa tarehe. Wakati huohuo anasahau majina ya wateja, anasoma mchoro wa nyumba moja mara tatu, na saa saba mchana yuko hoi kama aliyebeba saruji. Tafiti zimekuta uchovu kwa karibu nusu ya wagonjwa hawa, wakiwemo ambao utumbo wao umetulia kabisa. Sababu si moja: saitokini, upungufu wa damu, usingizi unaokatwa na choo, dawa, huzuni. Nyingine kati ya hizo zinatibika kesho asubuhi. Ila lazima uulize.

Alipoomba ED, cheti cha daktari cha kupumzika kazini, aliambiwa haonekani mgonjwa. Mkandarasi wake alimwachisha baada ya kusahau kuzima mkondo kabla ya kufungua boksi. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Mimi namwelewa mkandarasi. Ninyi mngeweza kumwandikia mstari mmoja kueleza kwamba ugonjwa huu na dawa zake hupunguza umakini, apewe kazi ya chini kwa muda.

5. Huzuni na hofu.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliojumuisha tafiti 77 na wagonjwa zaidi ya elfu 30, ulikuta dalili za hofu iliyopitiliza kwa karibu theluthi moja ya wagonjwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa robo. Ugonjwa ukiwa umeamka, hofu ilifika asilimia 57.6 na sonona asilimia 38.9. Njia hii ina pande mbili: watafiti wa Leeds, Uingereza, walionyesha mwaka 2018 kwamba mgonjwa ambaye utumbo wake umetulia lakini ana hofu nyingi, baadaye hupatwa zaidi na kuamka kwa ugonjwa na kuhitaji dawa kali. Kwa hiyo hata anayejali utumbo peke yake ana sababu ya kuuliza habari za moyo.

Pale kwenye benchi kuna mama muuza mboga ambaye hapandi daladala mpaka ajue choo cha kituo kinachofuata kiko wapi. Kuna kijana aliyevunja uchumba asieleze sababu. Hawa hawamwambii daktari, kwa kuwa daktari ana dakika tano na mlango uko wazi, foleni inasikia kila neno. Kliniki yenu ya afya ya akili ni Jumanne. Ya tumbo ni Alhamisi. Nauli mbili, foleni mbili, siku mbili bila kibarua, na kwenye mlango wa Jumanne kibao kikubwa kinachosomeka toka barabarani. Nani atakwenda?

6. Maumivu ya kichwa.

Fupi, ila ni la kufa na kupona. Wagonjwa hawa wana hatari mara mbili hadi tatu ya damu kuganda kwenye mishipa kuliko watu wengine, hasa ugonjwa ukiwa umeamka na mtu amelala kitandani. Mara chache damu hiyo hugandia ndani ya mishipa ya ubongo: kichwa kikali kisichoisha, macho kuona ukungu, degedege, upande mmoja kulegea. Miongozo ya kimataifa inataka anayelazwa kwa sababu ya ugonjwa huu apewe heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, isipokuwa anatokwa na damu nyingi sana. Kwenye karatasi za mdogo wangu haikuandikwa, wala sababu ya kutokuiandika haikuandikwa. Alipolalamika kichwa alipimwa malaria.

Yapo na ya mbali. Taiwan walifuatilia wagonjwa kwa miaka 16, wakakuta asilimia 5.5 walipata ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, dhidi ya asilimia 1.4 ya wenzao wasio na ugonjwa wa utumbo. Kuonekana pamoja si lazima kuwe ndiyo sababu, na mimi leo siombi lolote juu ya uzee. Naomba yanayowezekana mwaka huu.

Najua mtakayojibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa.

Mtasema wagonjwa wa aina hii ni wachache. Wachache waliojulikana, ndiyo. Wangapi bado wako kwenye kozi nyingine ya Flagyl? Na uchache ungerahisisha kazi: orodha ya waliokatwa utumbo inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Mtasema ni ugonjwa wa wazungu. Njoo Alhamisi ukae na sisi.

Mtasema hakuna madaktari wa akili wa kutosha. Kweli, hawatoshi nchini kote, na silaumu hospitali moja kwa hilo. Lakini kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi la zahanati na kuwasaidia watu wenye mawazo mazito kuyapanga matatizo yao, na jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha wagonjwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kama bibi anaweza, muuguzi anayepima uzito anaweza kuuliza maswali tisa. Maswali hayo ya kupima sonona yapo kwa Kiswahili, yameshajaribiwa Tanzania na Kenya.

Mtasema bima hailipi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na vitita vya mafao vitaendelea kubishaniwa na wanaojua. Kuuliza usingizi hakumo kwenye kitita chochote kwa sababu hakuna anayekuuzia. Kipimo cha B12 nakubali ni ghali na mara nyingine hupelekwa mbali. Basi aliyekatwa utumbo mchomeni sindano bila kusubiri kipimo. Ni salama, na kukosea kwa kutompa ndiko kwenye hasara.

Mtasema mgonjwa hakueleza. Huyu ni mwanamume aliyelelewa akiambiwa mwanamume halii, amefungwa kwa shuka mbele za watu, na jalada lake linasomeka MGONJWA WA AKILI. Angeeleza nini, na kwa nani?

Ninachoomba, kwa heshima zote:

(a) Jalada la faili la mdogo wangu libadilishwe, na ndani yake daktari aandike kwamba kilichotokea wodini kilihusiana na prednisoloni na kiliisha dozi iliposhushwa. Hili ni la kwanza na sitalipunguza bei. Faida yake si heshima peke yake: siku akihitaji dawa hiyo tena, daktari wa zamu atajua aangalie nini.

(b) Kila aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba hapo hospitalini atafutwe kwenye daftari la upasuaji, apigiwe simu, aanzishiwe B12, na tarehe za sindano ziandikwe kwenye kadi kama za chanjo za mtoto.

(c) Anayeanzishiwa prednisoloni apewe karatasi ya Kiswahili yenye jedwali la kupunguza dozi wiki kwa wiki, na maneno matatu kwa ndugu: akikosa usingizi, akibadilika tabia, akiishiwa dawa, rudini leo hii. Dirisha la dawa likiishiwa, mgonjwa asiambiwe Jumatatu.

(d) Kozi ya pili ya metronidazoli isiandikwe kabla ya choo kupimwa, na anayeharisha damu kwa zaidi ya mwezi apelekwe kliniki ya tumbo badala ya dirisha la dawa. Kila mahudhurio aulizwe ganzi.

(e) Maswali ya sonona yaulizwe anapopimwa uzito, pembeni, si mbele ya foleni. Na swali la tisa, lile la kutaka kujidhuru, lisiulizwe mpaka mmeshapanga nani ataitwa siku hiyohiyo mtu akijibu ndiyo.

(f) Mtumishi mmoja wa afya ya akili akae kliniki ya tumbo Alhamisi, hata kwa saa mbili.

(g) Wanaolazwa kwa ugonjwa huu waandikiwe heparini, au iandikwe kwa nini hawakupewa.

(h) Walinzi na wauguzi wa zamu za usiku waelekezwe namna ya kumtuliza mgonjwa aliyevurugikiwa, na shuka lisiwe jibu la kwanza. Ndugu waitwe. Sisi tulikuwa nje ya geti tu.

Mnisamehe kama kuna mahali nimetumia lugha kali. Sitafuti fidia, wala sitaki mtu apoteze kazi. Tuna wauguzi wachache mno kuwapoteza. Niko tayari kuja kukaa na kamati yenu ya tiba, na wenzangu wa benchi la Alhamisi wako tayari kuja pia, maadamu tutakaa kwenye chumba chenye choo karibu.

Naomba majibu kwa maandishi kupitia masjala ileile, kabla ya tarehe yake ya kliniki mwezi ujao. Asipoona jalada limebadilika safari hii amesema haingii ndani, nami sina tena la kumshawishi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mgonjwa, kliniki ya Alhamisi